Wifi yangu ananiuzia buti za "-40" na mie vidole vimekufa ganzi, nifanyeje?

Assalam aleikum Shangazi, shikamoo.

Mie ni mtoto wa Kisauni, Mombasa, nimeolewa nikaletwa huku Minneapolis mwezi wa sita, na nilivyofika nilikuta jua kali watu wamevaa kaptura wanachoma nyama nje, nikasema moyoni aah kumbe hawa wanaosema Minnesota kuna baridi wanatia chumvi tu. Shangazi sasa hivi ni Disemba na sicheki tena.

Kazi yangu ni kulea wazee kwenye nyumba moja huko Brooklyn Park, shifti ya kuanzia mchana mpaka usiku. Mume wangu gari anakwenda nalo kazini kwake kwa hiyo mie nategemea basi, tena mawili, na pale pa kubadilisha basi ndipo pananiua manake unasimama tu, upepo unakuja huku na huku, alafu nikishuka la pili nina kutembea mtaa mzima na kidogo mpaka kazini. Buti nilizonazo ni zile za swedi zenye manyoya ndani, alinipa mamangu mdogo siku naondoka nyumbani, nzuri wallahi na laini, theluji ya kwanza zilinistahi lakini walipoanza kumwaga chumvi barabarani ile theluji ikageuka rojo la kijivu, basi hapo buti zikawa zinanyonya maji kuanzia pembeni mpaka soksi zinaloa. Juzi juzi basi lilichelewa, vidole nilivisikia vinauma vinauma kisha nikawa sivisikii kabisa. Nilipofika kazini nikatia miguu kwenye beseni la maji ya moto, Shangazi nilipiga ukelele mpaka yule bibi ninayemlea akaniuliza nimeona nini. Mpaka leo kidole gumba cha kushoto kinachonyota.

Sasa tatizo lenyewe. Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, anauza vitu kwenye grupu la WhatsApp la akina mama wa huku, mara manukato, mara madera, msimu huu ameleta buti. Ameniwekea pea moja rangi ya damu ya mzee, ina kisigino kidogo na zipu pembeni, anasema ni za -40 na maji hayaingii hata ukisimama kwenye Bahari ya Hindi, dola 65, na ameandika kwa herufi kubwa HAZIRUDISHWI. Hajanionyesha kwa macho, ni picha tu. Mume wangu anasema nunua tu tukae kwa amani. Mwenzangu kazini, mdada wa Kisii amekaa huku miaka, anasema nisipoteze hela ninunue Sorel za dola 200 au nikae nyumbani. Mwengine ananiambia buti si kitu, vaa soksi tatu. Kila mtu ana lake na mie bajeti yangu ni dola 130, nikipita hapo nakula hela ya kutuma nyumbani.

Na kuna mengine nisiyajua ya kumuuliza nani. Mguu wangu ni 7 ya Bata na ni mpana, tumekulia ndara sisi, na vigimbi nimejaliwa, buti nyingi zipu haifiki juu. Navaa buibui na likirudi jioni pindo lote limeganda limekuwa gumu kama ubao. Na natia udhu kazini, nikishatawadha nikivaa buti naona baridi inaniingia mara mbili.

Nisaidie Shangazi, ninunue zipi, na huyu wifi nimwambieje?

Mwenye Vidole vya Barafu, Minneapolis

-----

Waaleikum salaam mwanangu, marahaba.

Kabla ya buti tuongee hicho kidole, manake hapo ndipo uliponishtua. Mguu ukishakufa ganzi hauwezi kukwambia maji yana moto kiasi gani, unaweza kujibabua ngozi na usijue mpaka baadaye. Siku nyingine maji yawe ya uvuguvugu tu, kama joto la mwili hivi, nyuzi 37 mpaka 39 za Celsius, mtu mwengine ayapime kwa mkono wake au utumie kiwiko chako, na usisugue vidole wala usivikaribishe kwenye hita. Vitabu vingi vya huku vinasema angalia ngozi ikiwa nyeupe au nyekundu, sasa sisi weusi hatuwi nyekundu ki hivyo, wewe tazama kama sehemu moja imepauka kuliko nyingine, imekuwa ya kijivu au inang'aa kama nta, na ukibonyeza iko ngumu. Ukiona malengelenge au ganzi isiyoondoka, ni hospitali siku hiyo hiyo. Na hicho kinachonyota mpaka leo kionyeshe daktari wiki hii, kidole kilichopata baridi kali mara moja huwa chepesi kuumia tena, usikipeleke steji kwenye buti zinazovuja.

Haya, buti.

Watu wa huku wakikupa ushauri wanakutisha na ile baridi ya habari, watakwambia habari za mwisho wa Januari 2019 Minneapolis iliposhuka mpaka -28 ya Fahrenheit, yaani kama -33 ya kwetu, na ni kweli ilikuwa hivyo na shule zilifungwa. Lakini siku za namna hiyo ni chache na wengi wanajifungia ndani. Usiku wa kawaida wa Januari hapa unacheza kwenye -13 ya Celsius. Na buti zako hazikuuliwa na -33, zimeuliwa na sifuri! Chumvi ya barabarani inayeyusha vizuri mpaka kama nyuzi 15 za Fahrenheit, ambayo ni -9 hivi, chini ya hapo inazembea. Kwa hiyo ile rojo ya kijivu unayoilalamikia inatokea siku ambazo si za baridi sana, Novemba, Disemba hii, alafu itarudi Machi na utaiona Aprili pia, na soksi iliyoloa kwenye nyuzi sifuri itakutesa kuliko soksi kavu kwenye kumi na kitu chini yake. Ndio maana mimi mtu akiniuliza buti za Minnesota simuulizi digrii, namuuliza maji kwanza, nafasi ya vidole pili, soli tatu. Digrii tutaziangalia tukimaliza hayo.

Kwenye maji tafuta buti ambayo sehemu ya chini, kuanzia soli mpaka kupita vifundo au angalau inayofunika kanyagio lote, ni mpira mtupu au ngozi iliyounganishwa na mpira bila mshono unaogusa ardhi. Picha ya yale mabuti ya wawindaji, chini mpira juu ngozi, ndiyo hiyo. Kwenye lebo unataka iandikwe "waterproof", ukikuta "water resistant" au "water repellent" maana yake inavumilia manyunyu tu, rojo la steji litaishinda. Kisha fungua kamba utazame ulimi wa buti, umeshonwa pande zote mbili kupanda juu au umeachwa unaning'inia? Ukiachwa hivyo theluji inaingia hapo hapo na inayeyukia ndani. Na zipu. Zipu ya pembeni ikiwa nyuma yake hakuna kipande cha kitambaa kilichoshonwa kuziba, hiyo ni mlango umeacha wazi, hata wakuandikie nini kwenye boksi. Kuna zipu nzuri zenye kizibo, zipo, lakini hizo za picha za WhatsApp huwezi kujua mpaka utie mkono ndani.

Swedi yenye manyoya weka ya kuendea dukani siku kavu, si mbaya, ni kwamba haikuumbwa kwa rojo. Hata wenyeji wana viatu vyao vya namna hiyo, kule Ely kaskazini mwa jimbo hili wanatengeneza Steger Mukluks za ngozi ya moose, yule mnyama mkubwa wa misituni mwenye pembe kama makasia, na watu wanazisifia kwa joto na wepesi, ila ni viatu vya baridi kavu, theluji inayolia chini ya mguu. Ukizipeleka kwenye kona ya basi yenye chumvi ni kuzionea.

Sasa nafasi, na hapa nataka unisikilize manake huyo aliyekwambia soksi tatu anataka kukuua miguu. Kinachoshika joto ndani ya buti ni hewa iliyotulia pamoja na damu inayofika vidoleni. Ukishindilia soksi tatu umebana hewa ikatoka na umebana mishipa damu isipite, mguu unaganda ndani ya kitu kinene na unashangaa. Soksi moja nene ya sufu, kama ni ya merino bora zaidi haikuwashi, na ukitaka ya pili iwe nyembamba sana ya ndani ya kunyonya jasho, si pamba, pamba ikilowa jasho haikauki mpaka kesho. Ukienda kujaribu nenda jioni miguu ikiwa imevimba na kazi, na uende na hiyo soksi ya sufu kwenye mkoba. Vaa buti bila kufunga, sukuma mguu mbele vidole viguse, hapo kidole chako cha mkono kiingie nyuma ya kisigino. Kisha funga utembee dukani, panda ngazi kama ipo, chezesha vidole vyote, kisigino kisipande sana na vidole visiguse mbele ukishuka. Usiwaonee haya wauzaji, hela ni yako.

Saizi 7 ya Bata ni ya Kiingereza, huku upande wa wanawake ni kama 9, na kwa buti za baridi usiogope kwenda 9 na nusu au 10. Kwa vile mguu wako ni mpana nakwambia siri wanayoijua wengi huku na hawasemi, vuka upande wa wanaume. Ukanda wa mbele unakuwa mpana, na 9 yako ya kike ni kama 7 na nusu ya kiume, hivyo jaribu 8. Zipo nyeusi za kawaida kabisa na chini ya buibui nani atajua. Wenye miguu midogo wao wanakwenda upande wa watoto wanapata buti ile ile kwa bei pungufu, bahati mbaya wewe na mimi Mungu katupa miguu ya kweli.

Vigimbi, achana na zipu. Chukua za kamba au zile zenye mkanda wa kukaza juu, unalegeza mpaka unapotaka. Urefu uishie katikati ya kigimbi au chini yake kidogo, usinunue za mpaka gotini ukidhani ndiyo joto zaidi, kwa mtu wa kupanda basi ni kujitesa tu. Na buibui lako ndilo linalokuharibia zaidi ya unavyojua. Lile pindo likishanyonya rojo linakaa limelalia mdomo wa buti na maji yanashuka polepole kwenye soksi, ndio maana unaweza kuwa na buti nzuri kabisa na bado ukafika umeloa ukaisingizia buti. Pandisha pindo la mabuibui mawili ya kazini mpaka lifike juu ya kifundo, au kama hutaki kulikata lipige pini ndani ukiwa njiani ukifika unalishusha, alafu ndani vaa suruali ya sufu au ile ya kuzuia theluji ambayo mguu wake unashuka NJE ya buti, si ndani ya buti. Kwanza pindo refu na ngazi ya basi yenye barafu ni ajali inasubiri siku.

Digrii sasa. Hiyo -40 ya wifi yako inaweza kuwa kweli na isikusaidie kitu. Hakuna sheria moja inayosema kampuni zote zipime vipi, kila mtengenezaji ana kipimo chake, na kipimo kingi kinamfikiria mtu anayetembea, damu inazunguka. Wewe umesimama steji. -40 angalau haina utata manake Celsius na Fahrenheit hukutana hapo, lakini ukiona -25 uliza ni ya nani, -25 ya Celsius ni -13 tu ya Fahrenheit, na maduka mengine hapo ndipo wanapokuchezea. Mimi naangalia vitu ninavyoweza kushika. Nyingi zitakuandikia Thinsulate, yaani ule ujazo wa ndani wa nyuzi nyembamba za kushika joto, hiyo inatengenezwa na kampuni ya 3M ambao makao yao makuu yako hapa hapa Maplewood karibu na St. Paul, na ile namba ya gramu, 200, 400, 600, ni uzito wa huo ujazo kwa kila mita ya mraba. Kwa mtu wa kutembea tu 200 inamtosha siku nyingi. Wewe wa kusimama na kusubiri, tafuta 400, au zile zenye kiatu cha ndani cha sufu iliyoshindiliwa kinachochomoka. Usiende 800 na elfu ukidhani unajikomboa, ndani ya basi kuna hita, mguu utatoka jasho, ukishuka lile jasho ndilo linalokugandisha huo mtaa mzima na kidogo.

Hicho kinachochomoka nakipigia debe sana kwa mtu wa shifti kama wewe. Ukifika kazini unakichomoa kinapumua saa zako zote, usiku nyumbani unakichomoa tena, asubuhi kikavu. Kikichakaa unanunua kipya peke yake hutupi buti.

Na baridi nyingi inapanda kutoka chini, watu wanatazama manyoya ya juu na kusahau soli. Bonyeza na upime kwa macho, soli nyembamba ya kupendeza miguu itaganda hata juu wangekufunga blanketi. Ukiwa steji usisimame juu ya barafu tupu kama kuna pahala pakavu, na baadhi ya vibanda vya Metro Transit vina kitufe ukikibonyeza hita inawaka juu, wageni wengi wanasimama humo wanatetemeka hawajui, tafuta kitufe.

Kuhusu kuteleza, kisigino hicho cha damu ya mzee kinipe mimi nivalie harusini. Kwa barabara unataka soli bapa, mpira laini. Uujaribu kwa ukucha, ukibonyeza unaingia kidogo, ukiwa mgumu kama plastiki ndani ya duka lenye joto basi nje kwenye baridi utakuwa kigae. Kule Toronto, Kanada, taasisi ya KITE wana maabara ya barafu ambayo watu wanavalishwa mikanda ya kuwashika wasianguke, wanatembezwa juu ya barafu na sakafu inainuliwa kidogo kidogo mpaka wateleze. Matokeo ya kwanza waliyotoa 2016, kati ya buti 98 hazikufika hata moja katika kumi zilizovuka, yaani zilizoshika angalau mteremko wa nyuzi 7, na nyingi zilizoanguka zilikuwa zinauzwa kama za majira ya baridi. Wanaziweka matokeo kwenye mradi wao unaoitwa Rate My Treads, kwa alama za theluji moja mpaka tatu, ingia utafute buti unayoitaka kabla hujalipa, ni bure. Ukizikosa nzuri nunua zile raba zenye vyuma za kuvalia juu ya buti kama Yaktrax, nzuri sana siku barafu imekuwa kioo, ila zivue mlangoni. Kwenye vigae na sakafu laini hizo ndizo zinakuangusha, na wewe unashika wazee.

Mdada wa Kisii kasema Sorel, na hajakosea, ile yao ya Caribou ina mpira chini na kiatu cha ndani cha kuchomoa na wameipa -40 tangu zamani. Lakini jina peke yake si ushahidi, hao hao Sorel wanatengeneza na za mtindo za kwenda kunywa kahawa, ukichukua yoyote kwa sababu ya jina unaweza kulipa 200 na vidole vikabaki vile vile. Kwa 130 yako ningeanzia Kamik, ni kampuni ya Kanada, nyingi zao zina hicho kiatu cha ndani cha kuchomoka na nyingi utazikuta kati ya 80 na 130. Baffin nao ni wa Kanada, ni wazito zaidi kwa baridi kali, zikiwa kwenye ofa chukua. Pita Fleet Farm kabla ya kwenda kule Mall of America, hao wanauzia wakulima na wavuvi wa barafu, hawauzii urembo. Na Minnesota nguo na viatu havina kodi ya mauzo, bei ya kwenye lebo ndiyo unayolipa.

Mtumba pia si dhambi, sisi watu wa Kongowea mtumba tunaujua. Ingia Goodwill au Savers, ila buti ya mtumba ikunje mbele yako pale vidole vinapokunjika, ukiona mpira umepasuka nyufa nyembamba iache, na soli ikimong'onyoka ukiibinya iache pia hata ikiwa inaonekana mpya, kuna soli zinazozeeka kwenye kabati bila kuvaliwa.

Ukishanunua, jioni futa chumvi kwa kitambaa chenye maji na siki kidogo kabla ile mistari myeupe haijakula ngozi, shindilia magazeti ndani na usiziweke juu ya hita hata ukiwa na haraka vipi, gundi inaachia na ngozi inapasuka. Na kabla hujazitoa nje siku ya kwanza zivae na tishu ndani usimame kwenye bafu lenye maji ya vidole vitatu kwa dakika kumi. Tishu ikiloa, zirudishe na risiti. Ndio maana risiti.

Udhu. Beba taulo dogo lako peke yako la miguu, kausha katikati ya vidole kimoja kimoja, na usivae pale pale, swali kwanza miguu ipate hewa, ukimaliza unavaa soksi NYINGINE kavu, zile ulizokuja nazo zitakuwa na jasho la basi. Kuna na ruhusa ya kupangusa juu ya khufu badala ya kuosha miguu kila mara, mkaazi mchana na usiku mmoja, lakini ina masharti yake, lazima uzivae ukiwa na udhu na si kila soksi inahesabika, hilo muulize shehe wa msikitini kwenu, mimi ni Shangazi wa buti.

Tumalizie wifi. Mume wako anataka amani na simlaumu, lakini amani ya dola 65 nusu ya bajeti yako kwa buti ambayo hujaitia mguu, yenye zipu usiyoijua, kisigino na hazirudishwi, hapana. Usimkatalie kwenye grupu hata kidogo, na usimtumie mume akaseme. Mpigie simu wewe mwenyewe, "wifi nimezipenda, ila mguu wangu unajua ulivyo na vigimbi hivi, nakuja kwako Jumapili na soksi zangu nizijaribu," na uende na sambusa. Ukifika tia mkono ndani ya zipu, bonyeza soli, vaa. Kama zimepita yote niliyokwambia, zichukue, kwani adui yako nani, na utakuwa umeokoa dola 65. Kama hazijapita, mwambie kigimbi kimegoma, ambayo nadhani itakuwa kweli bila wewe kuongeza neno, kisha mnunulie manukato au dera moja hapo hapo mbele ya watoto wake. Biashara yake imekwenda, uso wake haujaanguka, na Jumatatu unaingia Fleet Farm na hela iliyobaki. Dera chagua la bei nafuu.

Shangazi, St. Paul